Simama Pale Anapokuona

Kwa maneno ya muuza mkaa, mambo yalikuwa hivi. Mama Pasi aliinua pasi ya moto juu ya kichwa, akaizungusha kama mtu anayerusha jiwe, akamtupia binti yake wa kumzaa mwenyewe. Binti akaruka. Pasi ikapita karibu na sikio, ikagonga ukuta, makaa yakamwagika mpaka mlangoni.

"Niliona kwa macho yangu haya mawili," muuza mkaa aliwaambia wateja wake. "Yule bibi kichwa kimeshahama. Sasa kiziwi akishikwa na wazimu, utamtuliza vipi? Utamwimbia?"

Wateja walicheka. Wengine waliguna. Kabla jua halijawa kali, mtaa mzima ulikuwa na habari hiyo, na kila aliyeipokea aliitia chumvi kidogo kabla ya kuipitisha kwa mwenzake.

Huyo binti aliyerushiwa pasi alikuwa palepale bombani, anakinga maji ya kufulia. Aliyasikia yote. Alijitwika ndoo yake akaondoka.

Mtaani wanamwita Mdomo. Si kwamba ana maneno mengi, maana ni mtu wa kimya. Wanamwita hivyo kwa sababu tangu utoto wake yeye ndiye mdomo wa mama yake. Mama alizaliwa hasikii. Anaongea kwa mikono. Mteja akileta nguo, Mdomo anamsikiliza, anageuka na kumwambia mama kwa ishara, kisha anarudisha jibu kwa kinywa. Kazi yao ni udobi. Binti anafua, mama anapiga pasi. Wameifanya miaka mingi kwenye chumba cha mbele, kwa pasi ya mkaa. Ndiyo maana mama akaitwa Mama Pasi.

Ukweli wa siku ile ulikuwa mwingine. Mama alikuwa ameinama, ananyoosha kola ya shati. Mdomo aliingia kwa mlango wa pembeni, akapeleka mkono kuchukua nguo zilizokwisha kukunjwa. Mama alishtuka mwili mzima. Kiwiko chake kikaipiga pasi. Pasi ikaanguka chini, kifuniko kikafunguka, makaa yakatawanyika. Kipande kimoja kilitua juu ya mguu wa mama. Kingine kilitoboa suruali ya mteja.

Hakuna aliyemrushia mwenzake kitu. Lakini Mdomo hakuwa na nguvu ya kubishana na muuza mkaa. Moyoni mwake na yeye alikuwa ameanza kuamini kwamba mama yake si yule tena.

Maana pasi haikuwa jambo la kwanza. Kwa muda mrefu mama alikuwa anapiga teke beseni ambalo liko wazi katikati ya chumba. Alimimina chai pembeni ya kikombe. Alijigonga bega kwenye mlango wa nyumba aliyoishi tangu ujana wake. Kibaya zaidi, aliacha kujibu. Mdomo alimwambia jambo kwa ishara, naye akatazama mbele tu, kama mtu aliyenuna.

Mdomo alifanya kama watu wote wanavyofanya wasiposikilizwa. Wengine hupaza sauti. Yeye alipaza mikono. Alimsogelea mama mpaka pua zikaribiane, akapunga mikono mipana kama mtu anayefukuza kunguru shambani. Mama alirudi nyuma. Siku nyingine alimsukuma.

"Unanisukuma mimi?" Mdomo alilia. "Nimekukosea nini?"

Alilia kwa sauti, na mama hakuwa na habari.

Baada ya siku ya makaa, Mdomo aliificha pasi. Akaanza kupiga pasi mwenyewe, baada ya kufua, mgongo ukimuuma. Mama alikaa kwenye kigoda pembeni ya ukuta, mikono mapajani, hana kazi. Na Mdomo alipotoka kwenda kupeleka nguo za watu, alifunga mlango kwa nje na kufuli. Alijiambia kwamba ni kwa usalama wa mama. Siku moja aliporudi alikuta mama ameketi sakafuni nyuma ya mlango. Ngozi ya viganja vyake ilikuwa nyekundu. Mdomo hakuuliza kwa nini. Alipika, wakala, wakalala.

Jumapili kaka yake alikuja. Kaka anauza vipuri vya magari upande wa pili wa mji. Si mtu mbaya. Huleta sukari na mchele. Lakini hajui kuongea na mama. Utotoni alijua vizuri kabisa. Kisha watoto wenzake wakawa wanamwigiza njiani, wakipunga mikono na kutoa ulimi, naye akaona haya, akaacha. Akampa mdogo wake kazi yote. Tangu hapo salamu zake zote hupita kwa Mdomo.

"Mwambie mama namsalimia," alisema, akaketi.

Mdomo alimwambia. Mama hakuona.

"Umeona?" Mdomo alisema. "Ndivyo alivyo sasa. Maji yamezidi unga, kaka."

"Nimesikia habari za pasi. Hata dukani kwangu zimefika."

"Hakunirushia."

"Leo hajakurushia. Kesho je? Utaunguzwa humu ndani, na yeye ataungua na wewe." Kaka alishusha pumzi. "Sikiliza. Kuna nyumba ya wazee, nimeshaongea nao. Kuna uzio. Kuna nesi. Atakula, ataoshwa, atalala."

"Kuna mtu anayeongea kwa mikono?"

"Wazee wengi pale hawaongei hata kwa mdomo."

"Kaka!"

"Nifanyeje? Na wewe jitazame. Umekonda kama uzi. Umri wako huu bado uko kwenye mabeseni ya watu na mama mgongoni. Utaolewa lini?"

"Usinizungushe. Hilo halihusiani na mama."

"Basi. Mwisho wa mwezi nakuja na gari. Mfungie nguo zake."

Mdomo alitazama chini. Alikubali shingo upande. Waliyasema yote hayo wakiwa wamekaa kulia na kushoto kwa mama, na mama katikati yao, anatazama mbele.

Siku chache baadaye Mdomo alipeleka viatu vyake kwa fundi viatu wa kona ya pili. Fundi huyo naye ni kiziwi. Yeye na mama walisoma pamoja, katika shule ya watoto wasiosikia. Ni mzee mwenye mvi, mcheshi, na ndiye aliyempa kila mtu wa mtaa jina la ishara. Muuza mkaa anaitwa "mashavu mawili yaliyojaa". Ndilo jina lake kwa viziwi wote, na mwenyewe hajui.

"Mama yako yuko wapi?" fundi aliuliza kwa mikono. "Kila Jumamosi alikuwa anakuja hapa tunasengenya watu. Ameniacha nasengenya peke yangu."

Mdomo alitaka kujibu kwamba mama hajambo. Mikono yake ikakataa kudanganya. Ikasema yote. Ikasema beseni, ikasema pasi, ikasema kusukumwa, ikasema gari la mwisho wa mwezi. Alisimama pale kwenye vumbi, watu wanapita, akiumwaga moyo wake kwa mikono huku machozi yanamtoka.

Fundi hakucheka tena. Aliuliza jambo moja tu.

"Anapokusukuma, wewe unakuwa umesimama wapi?"

"Karibu naye. Karibu kabisa, ili aone."

Fundi aliweka nyundo ndani ya sanduku, akafunga sanduku. Akamwonyesha njia: twende.

Walipofika, Mdomo alifungua kufuli. Fundi alilitazama lile kufuli, kisha akamtazama Mdomo. Mdomo alitamani ardhi ipasuke.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake. Mdomo alikwenda mbio kumgusa. Fundi alimzuia. Yeye hakumsogelea mama. Alifungua pazia lote. Akajisogeza taratibu mpaka ukuta wa mbele, mahali ambapo mwanga wa dirisha ulimwangukia usoni. Akavuta mikono yake mpaka chini ya kidevu. Akaongea kwa ishara ndogondogo, kana kwamba anaongea ndani ya kisanduku.

"Habari yako, msengenyaji mwenzangu?"

Uso wa mama uliamka. Mdomo hakuwa ameuona uso ule siku nyingi sana.

"Ni wewe?" mama alijibu. "Umekuwa na sura mbaya, wewe."

"Nilikuwa hivihivi tangu zamani. Macho yako ndiyo yalikuwa yananiheshimu."

Mama alicheka. Sauti yake ya kucheka ni nzito, hutoka kifuani, na majirani huiogopa. Mdomo alikaa chini sakafuni. Mama yake hakuwa amenuna. Mama yake hakuwa na wazimu.

Fundi aliokota kipande cha karatasi ngumu, akakikunja kikawa bomba. Alimpa Mdomo. "Fumba jicho moja. Tazama kwa hili jingine, humu ndani ya bomba. Usiliondoe."

Mdomo alitazama. Fundi alimsogelea mpaka akawa mbele yake kabisa, akapunga mikono mipana.

"Nimesema nini?"

"Sijui. Naona pua yako tu."

Fundi alirudi nyuma hatua kadhaa, akaongea tena, mikono ikiwa karibu na kidevu.

"Sasa?"

"Umesema mimi ni mkaidi kama mama yangu."

"Umeona vizuri. Mama yako anaona hivyo kutwa nzima. Pembeni hakuna kitu kwake. Chini hakuna kitu. Beseni hulioni ukiwa ndani ya bomba. Mkono unaotoka pembeni ni kama nyoka. Na wewe ukimsogelea, unatoka nje ya bomba. Ukipanua mikono, inatoka nje ya bomba. Kadiri ulivyojitahidi, ndivyo ulivyopotea."

Mdomo alishusha lile bomba la karatasi. Hakujua aweke wapi uso wake.

"Na hilo gauni," fundi aliendelea. "Lina maua kama bustani. Mikono yako inapotelea kwenye maua. Vaa nguo ya rangi moja, inayopishana na rangi ya ngozi yako. Usimshike kwa ghafla kutoka nyuma. Gonga meza kidogo, atasikia mtikisiko. Au mguse begani polepole, mkono uache hapo kidogo mpaka akugeukie. Simama pale anapokuona. Mwanga uwe usoni kwako, si mgongoni."

"Wewe umeyajuaje haya?"

Fundi alimtazama mama, kisha akajibu.

"Mke wangu. Tulidhani ni uzee. Tulisema, mtu akizeeka macho huchoka. Tulipofika kliniki ya macho, giza lilikuwa limemla pande zote. Wanaiita presha ya macho. Haiumi. Haiwashi. Inakula pembeni kwanza, kidogo kidogo, na mtu mwenyewe hajui. Kiziwi akipoteza macho, binti yangu, kijiji chake chote kimehama. Mpeleke. Usingoje mwisho wa mwezi."

Aligeuka kuondoka. Mlangoni akarudi.

"Hiyo nyumba ya wazee. Mwenyewe mmemuuliza?"

Mdomo alitikisa kichwa.

"Ana mikono," fundi alisema. "Muulize."

Jioni ile Mdomo alivaa blauzi nyeupe isiyo na maua. Alisimama mbele ya ukuta, mahali pale aliposimama fundi. Alimwambia mama kila kitu. Mama alitazama bila kupepesa.

"Nilijua kuna neno," mama alisema. "Wewe na kaka yako mlikuwa mnageuza nyuso."

"Unataka kwenda?"

"Huko nitaongea na nani? Na uzio?"

Mama aliendelea.

"Ulikuwa unafunga mlango. Siku ya kwanza sikujua kwamba umefunga kwa kufuli. Nilivuta, haufunguki. Niligonga. Sikujua kama kuna mtu amesikia. Nilidhani umefia nje, na watu wanakuzika, na hakuna aliyekumbuka kuja kuniambia."

Mdomo alitaka kumkimbilia. Akakumbuka. Alikwenda polepole kwa mbele, akagonga kigoda kidogo, akaweka mkono kwenye bega la mama, akauacha hapo. Mama aliugusa ule mkono kwa shavu lake. Hakusema kwamba amesamehe. Mdomo naye hakuthubutu kuuliza.

Asubuhi lile kufuli alilitupa kwenye shimo la taka.

Kliniki ya macho ilikuwa na foleni ndefu na mabenchi yanayochoma. Walipoingia, nesi alimtazama Mdomo. "Muulize bibi alianza lini kutoona."

Zamani Mdomo angejibu mwenyewe. Safari hii alisema, "Samahani, dada. Ukiweza, mtazame yeye unapouliza. Nitasimama nyuma yako kidogo, niseme kwa mikono. Mgonjwa ni yeye."

Nesi alishangaa kidogo. Kisha akamgeukia mama. "Haya, bibi. Ulianza lini kutoona?"

Mama alieleza mengi ambayo hata Mdomo hakuyajua. Alieleza kwamba aliacha kwenda kwa fundi siku aliyokaribia kugongwa na mkokoteni. Alieleza kwamba alikuwa anahesabu hatua huku akigusa ukuta ili afike chooni. Aliona haya kusema. Alidhani wakijua hawezi kazi, atakuwa mzigo.

Kisha nesi alinyoosha mkono kuzima taa ya chumba, kwa sababu daktari alitaka kutazama ndani ya jicho.

"Subiri!" Mdomo alisema. "Ukizima taa, kwake umezima kila kitu. Hatajua nini kinaendelea. Niache kwanza nimweleze."

Daktari, mwanamke mwenye miwani minene, alikubali. "Mweleze. Mwambie nitamgusa kidevu. Nikimgonga bega mara moja, atazame juu. Nikimgonga mara mbili, tumemaliza."

Mdomo alimweleza mama, ndipo taa ikazimwa. Gizani mama aliutafuta mkono wa binti yake, akaukamata kwa nguvu. Hakupiga kelele, hakumsukuma mtu.

Taa ilipowashwa, daktari hakuwa na habari njema.

"Jicho la kushoto limekwisha," alisema, akimtazama mama usoni. "La kulia limebaki na tundu dogo katikati. Hii si mtoto wa jicho, bibi. Mtoto wa jicho tunaweza kumtoa, ukaona tena. Presha ya macho, kilichopotea hakirudi. Hata mimi siwezi kukirudisha."

Mikono ya Mdomo ilikuwa mizito kuyasema hayo. Aliyasema yote, hakuficha.

"Na hicho kidogo kilichobaki?" mama aliuliza.

"Hicho ndicho tunakipigania. Nakupa dawa ya matone. Kila siku, bila kuacha, hata ukijiona uko sawa. Ukiacha, giza linaendelea na kazi yake. Na kila ukiitwa hapa, uje tupime."

Kisha akamgeukia Mdomo. "Wewe ni mtoto wake wa kuzaa? Kaa hapa. Ugonjwa huu hupenda kutembea katika damu. Una ndugu?"

"Kaka."

"Aje apimwe, asingoje kuona vibaya. Akianza kujua kwamba haoni, tumeshachelewa."

Macho ya Mdomo yalikuwa bado mazima. Aliambiwa arudi kila mwaka. Nje ya kliniki alimpigia kaka simu akamweleza.

"Mimi naona vizuri," kaka alisema. "Juzi nimesoma namba ya gari kutoka ng'ambo ya barabara."

"Haianzi huko mbele, kaka. Inaanza pembeni."

"Sawa, sawa. Nikipata nafasi. Na mwisho wa mwezi uko palepale."

Nyumbani walibadilisha mambo. Beseni lilipewa mahali pake, na halikuhama. Vigoda viliegemezwa ukutani. Fundi viatu alikuja na misumari, akapigilia ukingo wa mbao kuzunguka meza ya pasi, ili pasi isiweze kuanguka. Ukingo ule waliupaka rangi nyeupe. Mdomo alimrudishia mama pasi. Mama aliishika mpini kwa mikono miwili, kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Siku ya kwanza alinyoosha mashati machache tu, polepole. Hakuna hata moja lililoungua.

Mdomo alipotaka kuchukua nguo, aligonga meza kwanza. Mama alinyanyua pasi, akaiweka mahali pake, ndipo akamgeukia.

Hata muuza mkaa alijifunza. Alikuja kuleta gunia, akataka kumvuta mama mkono kutoka nyuma. Mdomo alimpigia kelele.

"Pita mbele! Simama pale dirishani!"

"Nisimame nifanye nini?"

"Simama tu, akuone. Halafu inua mkono."

Muuza mkaa alikwenda akasimama dirishani, kifua mbele, shingo imenyooka, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Aliinua mkono. Mama alimtazama, akamwitikia, kisha akasema jambo kwa ishara.

"Anasemaje?"

"Anasema karibu, Mashavu."

"Mashavu nani?"

"Wewe."

Muuza mkaa aliyapapasa mashavu yake. "Kumbe anaona!" Kisha akaitazama pasi. "Yale ya pasi niliyoyasema..."

"Yale ulisema uliyaona kwa macho mawili," Mdomo alisema.

"Ah, wewe nawe. Mkaa huu leo umepimwa kwa wingi." Akaondoka haraka.

Lakini si kila siku kulikuwa na kicheko. Asubuhi nyingine mama aliamka, akatazama dirisha kwa muda mrefu, akasema tundu limepungua. Pengine ni kweli, pengine ni hofu. Matone aliyatia bila kukosa. Fundi alikuja Jumamosi kuwafundisha namna ya mwisho, ile aliyoitumia na mke wake. Anayesema huweka mikono yake chini. Anayesikiliza huweka mikono yake juu, viganja vikigusa, akifuata kila ishara inavyojengwa. Mama alifumba macho ili azoee. Mdomo alisema chini ya mikono yake: leo mvua, sabuni imekwisha, nakupenda. Mama aliyapata yote. Alipofumbua macho alikuwa na sura ya mtu aliyeonyeshwa chumba atakacholala siku moja, akakuta angalau kina kitanda.

Mwisho wa mwezi ulifika. Gari lilisimama mlangoni, dereva ndani, na kaka akashuka.

"Nguo zake ziko wapi?"

"Kwenye sanduku lake. Haendi, kaka."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana mimi na wewe. Yeye hatukumuuliza. Sasa nimemuuliza."

Mama alikuwa anapiga pasi. Kaka alimtazama kwa mshangao. Alitazama ule ukingo mweupe, na nguo zilizokunjwa sawasawa. Mdomo alimweleza habari za bomba la karatasi, na kliniki, na kufuli. Habari ya kufuli aliisema kwa sauti ya chini.

"Sasa akipofuka kabisa?" kaka aliuliza.

"Tutaongea mikononi."

"Na wewe ukiugua? Ukiolewa? Ukifa je? Nani ataongea naye?"

Swali hilo lilikuwa linamnyima usingizi hata Mdomo.

"Fundi viatu yupo," alisema mwishowe.

"Fundi viatu ni mzee kuliko mama."

"Basi ujifunze na wewe. Ulijua zamani."

Kaka alicheka bila furaha. Alitoka nje. Mdomo alisikia akiongea na dereva, kisha gari likaondoka peke yake. Kaka alirudi akasimama karibu na mlango wa pembeni.

"Abaki," alisema. "Lakini moyo wangu haujatulia. Mwambie hivyo."

Mama alikuwa ameshaweka pasi mahali pake. Alijua kuna mtu, na alijua ni mwisho wa mwezi. "Kaka yako anasema nini?" aliuliza.

Mdomo alisogea mbele ya dirisha, akainua mikono kueleza. Mama aliinua kiganja, akamsimamisha.

"Si wewe," mama alisema. "Yeye."

Alitafuta kigoda kwa mguu, akakivuta karibu na chake. Akaketi. Kisha akaongea kwa ishara ndogo, taratibu, kama anavyoongea mtu na mtoto mdogo, akiielekeza mikono mahali alipodhani kijana wake yupo. Mdomo alitafsiri kwa sauti.

"Anasema, keti hapa. Weka mikono yako chini ya mikono yangu. Niambie mwenyewe."

Kaka hakusogea. Alitazama kigoda. Alitazama barabarani, ambako watu walikuwa wanapita na mlango uko wazi.

"Kaka," Mdomo alisema.

Pale kaka aliposimama palikuwa pembeni, nje kabisa ya lile tundu dogo. Mama hakuweza kujua kama bado yupo au ameshaondoka na gari. Alinyoosha mikono yake mbele, viganja vikitazama chini, akangoja.